Tundu la chaji la kompyuta mpakato

Tundu la chaji la kompyuta mpakato ni sehemu inayopokea plagi ya chaja ili umeme uingie ndani ya kompyuta mpakato (huitwa pia kipakatalishi au laptopu), uendeshe mashine na kujaza betri yake. Baadhi ya mafundi huliita "sistimu chaji". Ni kipande kidogo, mara nyingi hakizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lakini katika kompyuta nyingi umeme wote unaotoka nje hupita hapo.

Kwa kuwa plagi huchomekwa na kuchomolewa kila siku, tundu hili ni miongoni mwa sehemu za kompyuta mpakato zinazochakaa mapema. Likiharibika, betri haijai tena, na baada ya saa chache kompyuta haiwaki. Watu wengi hudhani hapo kwamba kompyuta imekufa, kumbe prosesa, kumbukumbu na hifadhi ya data vyote ni vizima. Wengine hununua chaja mpya au betri mpya bila kupima chochote, na fedha zao hupotea kwa sababu kosa liko kwingine. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutambua sehemu iliyoharibika, kwa kuanza na vipimo visivyo na gharama.

Njia ya umeme

Umeme wa ukutani ni wa volti 230 hivi katika nchi za Afrika Mashariki, nao hubadilisha mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde. Kompyuta mpakato haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Adapta, yaani lile kasha lililo katikati ya waya wa chaja, huupunguza na kuufanya uende upande mmoja tu, kwa kawaida kwa volti 18.5 hadi 20. Adapta nyingi za kisasa hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo chaja iliyonunuliwa Marekani inaweza kutumika Tanzania au Kenya kwa kubadilisha plagi ya ukutani tu, mradi kibandiko chake kinaonyesha hivyo.

Kutoka kwenye adapta umeme hupita katika mfuatano huu:

1. waya mwembamba na plagi yake ya mwisho;
2. tundu la chaji;
3. fyuzi na swichi za elektroniki zilizo kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya saketi;
4. saketi inayosimamia kuchaji;
5. betri.

Kiungo chochote katika mnyororo huu kikikatika, mtumiaji huona jambo moja: chaji haiingii. Hii ndiyo sababu tundu hulaumiwa wakati mwingine bila kosa.

Nguvu ya chaja hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea. Chaja ya volti 20 na ampea 3.25 hutoa wati 65. Mkondo huo ni mkubwa kuliko ule wa chaja ya kawaida ya simu, na ndiyo maana mguso uliolegea huleta joto. Joto linalozaliwa kwenye mguso hutegemea ukinzani wake na mraba wa mkondo. Kwa mfano, mkondo wa ampea 3 ukipita kwenye mguso mchafu wenye ukinzani wa nusu omu, joto linalozaliwa ni 3 × 3 × 0.5, yaani wati 4.5. Kiasi hicho si kikubwa kwa pasi ya nguo, lakini ndani ya tundu lenye upana wa milimita chache kinatosha kulainisha plastiki na hatimaye kuiunguza.

Aina za matundu

Tundu la mviringo ni la zamani zaidi na bado limeenea sana. Plagi yake ni bomba dogo la chuma. Kwa kawaida upande wa nje ni hasi na upande wa ndani ni chanya. Vipimo vyake havilingani kati ya kampuni na kampuni. Kompyuta nyingi za Dell na HP zimetumia plagi ya milimita 7.4 kwa 5.0, na baadaye ile nyembamba ya 4.5 kwa 3.0. Nyingi za Acer hutumia 5.5 kwa 1.7. Tofauti ya sehemu ya milimita hutosha kuifanya plagi iingie lakini icheze.

Katika plagi za Dell na HP mna sindano nyembamba katikati. Kazi yake kubwa ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Sindano hiyo ikipinda au kukatika katika kompyuta ya Dell, kompyuta inaweza kuwaka kwa umeme wa ukutani lakini ikakataa kujaza betri na ikapunguza kasi yake, kwa sababu haijui chaja ina wati ngapi.

Tundu la mstatili lilitumika sana katika kompyuta za Lenovo kabla ya USB-C kuenea. Lina sindano ya utambulisho katikati na hufanya kazi kwa volti 20.

Tundu la sumaku linajulikana kwa jina la MagSafe, nalo lilianzishwa na kampuni ya Apple mwaka 2006. Plagi hushikwa na sumaku, hivyo mtu akijikwaa kwenye waya plagi huchomoka bila kuivuta kompyuta chini. Toleo la pili lilitoka mwaka 2012 na la tatu mwaka 2021. Udhaifu wake ni kwamba sumaku hunasa vipande vidogo vya chuma, ambavyo huzuia mguso.

Tundu la USB-C lilitokana na kiwango cha kimataifa kilichochapishwa mwaka 2014. Lina miguso 24 iliyopangwa juu na chini ya ulimi mwembamba, na plagi yake huingia kwa pande zote mbili. Tundu moja hupitisha umeme, data na picha za skrini ya nje. Kiwango chake kinataka livumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Mwanzoni mfumo wake wa kuchaji ulifikia wati 100, na tangu mwaka 2021 kiwango kinaruhusu hadi wati 240.

Sababu za kuharibika

Sababu kubwa ni nguvu ya pembeni. Plagi iliyochomekwa hufanya kazi kama wenzo: mtu akiugusa mwisho wake au kuuvuta waya, nguvu ndogo hugeuka kuwa kubwa pale tundu lilipofungwa. Plagi iliyonyooka ina mkono mrefu kuliko ile yenye umbo la L, hivyo huumiza zaidi. Kutumia kompyuta kitandani au mapajani wakati inachaji, kuibeba ikiwa bado imechomekwa, na kujikwaa kwenye waya ni mifano ya kila siku.

Sababu nyingine ni hizi:

- Uchakavu wa chemchemi za ndani, ambazo hulegea baada ya kuchomeka na kuchomoa kwa miaka.
- Vumbi na nyuzi za nguo au za mkoba, hasa ndani ya USB-C, ambazo hukandamizwa na plagi hadi zikawa kizibo.
- Unyevu na chumvi. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hewa ya bahari huharakisha kutu ya miguso. Alama yake ni unga wa kijani au mweupe kwenye chuma.
- Vinywaji vilivyomwagika, hasa chai na soda, kwa kuwa sukari hubaki hata maji yakikauka.
- Chaja isiyolingana, yenye plagi pana au nyembamba mno, au yenye volti zisizofaa.
- Umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Hili huua zaidi adapta na saketi za ubao mama kuliko tundu lenyewe, lakini dalili hufanana.

Dalili

Tundu linaloanza kuharibika huonyesha ishara kabla ya kufa kabisa. Taa ya chaji huwaka na kuzimika plagi inapoguswa. Mtumiaji hulazimika kuinamisha waya upande fulani, au kuweka kitabu chini yake, ili chaji iingie. Plagi huingia lakini inacheza, au tundu lote husogea ndani ya kasha. Sehemu ya tundu huwa ya moto kuliko mwili mwingine wa kompyuta. Hatua ya hatari zaidi ni kusikia mlio wa cheche, kuona alama nyeusi, au kunusa harufu ya plastiki inayoungua.

Kuna dalili zinazofanana na hizi lakini si za tundu. Kompyuta ikizimika mara tu plagi inapochomolewa, ingawa inafanya kazi vizuri ikiwa imechomekwa, mara nyingi mgonjwa ni betri. Kompyuta ikijaza hadi asilimia 80 na kusimama, huenda programu ya kutunza betri imewashwa, nayo si ugonjwa. Kompyuta ikisema imechomekwa lakini haichaji, umeme unafika. Tatizo laweza kuwa betri, utambulisho wa chaja, au saketi ya kuchaji.

Kuokoa data kwanza

Mara dalili zinapoonekana, kazi ya kwanza ni kunakili faili muhimu wakati betri bado ina chaji. Hesabu ni rahisi. Betri ya wati-saa 45 iliyobakiwa na asilimia 20 ina wati-saa 9. Kompyuta inayotumia wati 10 itazimaliza kwa muda usiofika saa moja. Mwanafunzi mwenye tasnifu au mwalimu mwenye alama za mitihani hana budi kuutumia muda huo kunakili, si kujaribu plagi mara mia. Kupunguza mwanga wa skrini na kufunga programu zisizohitajika huongeza dakika kadhaa. Faili zinakiliwe kwenye flashi, diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni.

Kama betri imekwisha tayari, data kwa kawaida haijapotea. Katika kompyuta nyingi diski hutolewa na kuwekwa kwenye kasha la USB, kisha husomwa na kompyuta nyingine. Kuna vizuizi viwili. Kwanza, diski iliyofungwa kwa usimbaji wa siri, kama BitLocker katika Windows, huhitaji ufunguo wa kuifungua, hivyo ufunguo huo uhifadhiwe mahali pengine mapema. Pili, katika baadhi ya kompyuta, zikiwemo MacBook nyingi za miaka ya karibuni, hifadhi imeunganishwa moja kwa moja na ubao mama na haitoki. Kwa kompyuta za namna hiyo, data haifikiki mpaka mashine ipate umeme.

Kutambua kosa

Vipimo vifuatavyo vimepangwa kuanzia vile visivyohitaji kifaa chochote.

1. Soketi ya ukutani. Chomeka taa au simu kwenye soketi hiyohiyo. Waya wa kurefusha umeme uondolewe kwa muda.
2. Waya na adapta. Angalia kama taa ya adapta inawaka, kama ipo. Ikizimika pale plagi inapoingia kwenye kompyuta, kuna mzunguko mfupi upande wa tundu au ubao mama, na majaribio yasimame hapo. Kagua pia waya karibu na kasha na karibu na plagi, kwani ndipo hukatika ndani bila kuonekana nje.
3. Chaja nyingine. Azima chaja inayolingana. Volti lazima ziwe zilezile. Ampea zaweza kuwa sawa au zaidi, kwa sababu kompyuta huchukua kiasi inachohitaji tu; zikiwa pungufu, chaja itachoka au kompyuta itakataa kuchaji.
4. Njia nyingine ya kuingiza umeme. Baadhi ya kompyuta zina tundu la mviringo na pia USB-C inayopokea chaji. Zenye USB-C mbili huweza kuchaji kwa lile tundu zima. Njia ya pili ikifanya kazi, ubao mama na betri vina afya, na shaka hubaki kwa tundu la kwanza.
5. Kuondoa umeme uliobaki. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi. Saketi ya kuchaji iliyokwama huweza kuanza upya.
6. Kukagua kwa macho. Tumia tochi. Tafuta sindano iliyopinda, ulimi uliovunjika, uchafu, kutu au weusi.
7. Kupima kwa multimita. Weka kipimo kwenye volti za mkondo wa upande mmoja. Multimita nyingi za bei nafuu zina ngazi ya 20 na ya 200. Kwa chaja ya volti 20 tumia ya 200, kwani ngazi ya 20 haifikii 20 kamili. Adapta nzima huonyesha volti zinazokaribia sana zile za kibandiko. Ikionyesha sifuri, au namba inayorukaruka waya unapotikiswa, kosa liko kwenye chaja.

Kipimo cha 7 hakifai kwa chaja ya USB-C. Chaja hiyo haitoi umeme kwenye plagi mpaka itambue kifaa kilichounganishwa. Huanza na volti 5, kisha chaja na kompyuta hukubaliana kupanda hadi 9, 15 au 20. Kusoma sifuri hapo hakuna maana kwamba chaja imekufa. Mafundi hutumia kipimaji kidogo kinachowekwa kati ya waya na kompyuta. Bila kipimaji, jaribu kugeuza plagi juu chini: ikichaji kwa upande mmoja tu, baadhi ya miguso ni michafu au imevunjika. Waya nao una mipaka. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo huhitajika waya ulioandaliwa kwa ampea 5.

Wakati mwingine tundu la USB-C huonekana limekufa wakati kosa ni la programu inayoliendesha. Kampuni ya Lenovo iliwahi kuwatangazia wenye ThinkPad kadhaa zilizotoka kati ya 2017 na 2019 kwamba tundu lao la USB-C laweza kuacha kufanya kazi au kuchaji kwa sababu ya programu ya Thunderbolt, na ikatoa sasisho. Kwa hiyo ni vema kutafuta sasisho kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kuifungua mashine.

Matengenezo

Kusafisha. Kompyuta izimwe na chaja ichomolewe. Nyuzi na vumbi hutolewa kwa kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki, au kwa hewa ya kopo. Sindano, pini na ncha za chuma hazifai, kwani huunganisha miguso isiyopaswa kugusana na kuikwaruza. Kutu nyepesi husafishwa kwa brashi laini na spiriti kali isiyo na maji mengi, kisha tundu huachwa likauke kabisa.

Tundu lenye waya wake. Katika kompyuta nyingi tundu la mviringo halikushikamana na ubao mama. Lina waya mfupi wenye kiunganishi mwishoni, nalo hushikwa na skrubu au kwa kubanwa kwenye kasha. Kulibadilisha huhitaji bisibisi, uvumilivu na kipande kinacholingana, bila kulehemu chochote. Katika baadhi ya mashine kazi ni kubwa kwa sababu kibodi, feni au skrini lazima viondolewe kwanza.

Tundu kwenye bodi ndogo. Kompyuta nyingine zina tundu kwenye bodi ya pembeni iliyounganishwa na ubao mama kwa utepe. Bodi yote hubadilishwa kwa pamoja. Kompyuta za Framework, zilizoanza kuuzwa mwaka 2021, zimeenda mbali zaidi: plagi ya chaja huingia kwenye kikasha kidogo ambacho mtumiaji hukichomoa mwenyewe na kukibadilisha bila kufungua kasha.

Tundu lililolehemiwa kwenye ubao mama. Hapa kazi ni ya fundi mwenye vifaa na uzoefu. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 183 za Selsiasi, na ile isiyo na risasi, inayotumika katika kompyuta nyingi za sasa, huyeyuka karibu na 217. Tabaka za shaba ndani ya bodi hunyonya joto, hivyo pasi dhaifu ya kulehemu haiyeyushi vizuri, na anayelazimisha huweza kung'oa njia za shaba. Bodi ikiharibika hivyo, tatizo dogo limegeuka kuwa kubwa. Tundu la USB-C ni gumu zaidi kwa sababu miguso yake ni midogo na imesongamana. Fundi huhitaji hewa ya moto na kioo cha kukuza.

Wakati mwingine tundu ni zima ila lehemu yake imepasuka kwa kutikiswa. Kuyeyusha lehemu upya na kuongeza kidogo hutosha.

Baadhi ya mafundi hukata plagi na kuunganisha waya wa chaja moja kwa moja kwenye ubao mama. Njia hii hurudisha umeme kwa siku hiyo, lakini kila mvuto wa waya sasa huangukia bodi yenyewe, na mtu akikosea chanya na hasi kompyuta huweza kuungua. Ifaa kuwa njia ya dharura ya kuokoa data tu.

Usalama

Tundu lenye harufu ya kuungua, cheche au joto kali lisitumike tena hata kama bado linapitisha umeme. Chaja ichomolewe ukutani kwanza, ndipo plagi ya kompyuta ichomolewe. Kubana plagi kwa gundi, mkanda au mpira ili ikae sawa huficha tatizo na kuendeleza joto, hasa kompyuta inapoachwa ichaji usiku juu ya godoro.

Kabla ya kugusa chochote ndani ya kasha, kiunganishi cha betri lazima kitolewe. Betri ya lithi hubaki na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa, na skrubu moja inayoanguka mahali pabaya huleta mzunguko mfupi. Betri iliyovimba isichajiwe, isibanwe wala kutobolewa. Adapta isifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa kapasita zilizo ndani huhifadhi umeme hatari kwa muda baada ya kuchomolewa.

Kumpa fundi kazi

Mafundi wa kompyuta hupatikana katika miji yote mikubwa. Maeneo kama Kariakoo jijini Dar es Salaam na barabara ya Luthuli jijini Nairobi yanajulikana kwa biashara ya vifaa vya elektroniki. Mteja hulinda mali yake kwa kuuliza mambo machache kabla ya kuacha mashine:

- Je, chaja na betri vimepimwa, na matokeo ni yapi?
- Je, tundu la aina hii lina waya wake, liko kwenye bodi ndogo, au limelehemiwa kwenye ubao mama?
- Bei ya kipande ni ipi, na ya ufundi ni ipi?
- Kipande cha zamani kitarudishwa kwa mteja?
- Kazi ina dhamana ya muda gani, na imeandikwa?

Jibu la swali la pili ndilo linaloamua gharama kwa kiasi kikubwa. Kwa kompyuta yenye tundu la waya, pendekezo la kubadilisha ubao mama wote lahitaji maelezo ya kutosha. Kompyuta iliyo ndani ya muda wa dhamana ipelekwe kwa muuzaji kwanza, kwa kuwa kuifungua mahali pengine kwaweza kuleta mabishano kuhusu haki hiyo. Namba kamili ya modeli, ambayo kwa kawaida huandikwa chini ya kasha, humsaidia fundi kupata kipande sahihi.

Kinga

Plagi ishikwe kwa mwili wake wakati wa kuchomoa, si kwa waya. Iingizwe na kutolewa kwa mstari ulionyooka. Waya upite mahali ambapo watu na watoto hawakanyagi, na uachwe na ulegevu kidogo. Kompyuta isibebwe ikiwa imechomekwa, na isiwekwe mkobani na plagi ndani ya tundu. Yenye matundu mawili ya USB-C itumie yote kwa zamu. Umeme ukikatika, chaja ichomolewe ukutani mpaka urudi na kutulia.

Taka na viwango

Mashine inayotupwa kwa sababu ya tundu moja huongeza taka za kielektroniki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kompyuta ina shaba na dhahabu, lakini pia vitu vyenye sumu kama risasi, vinavyodhuru udongo na watu taka zinapochomwa ovyo.

Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya chaja moja. Sheria hiyo inataka simu na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa huko viwe na USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Kwa kuwa kompyuta zilizotumika Ulaya huletwa pia Afrika Mashariki, chaja itazidi kuwa rahisi kuazima na kununua. Lakini tundu la USB-C lililolehemiwa kwenye ubao mama ni gumu kutengeneza kuliko lile la mviringo lenye waya wake. Kwa sababu hiyo anayenunua kompyuta mpya au iliyotumika hufanya vema kuuliza, pamoja na kasi na ukubwa wa hifadhi, kama tundu lake la chaji hubadilishwa peke yake.

Tazama pia

- Adapta
- Betri ya lithi
- Kompyuta mpakato
- Taka za kielektroniki
- Ukinzani wa umeme
- USB